Picha Isiyopaswa Kuona Jua

Mwezi uliopita nilipasha kisu motoni nikakizungusha kwenye mfuniko wa chungu kidogo cha mama, na nta ilipoanza kulainika harufu yake ikanipanda puani kabla sijajiandaa. Ilikuwa nta ile ile ya nyuki, na nyuma yake harufu ya kaniki iliyokaa miaka mingi mahali pasipo hewa. Mama tulikuwa tumemzika siku chache tu nyuma. Wanawake waliokuja kulia walikwisha rudi makwao, nikabaki peke yangu na kile chungu, nikiona aibu kama mtoto aliyekutwa akidokoa mboga.

Sikukifungua siku hiyo. Nta ikapoa, nikakirudisha juu ya kichanja. Kilichomo ndani ni picha ya bibi yangu, na kilichoipata picha hiyo nilikifanya mimi nikiwa na umri wa miaka tisa hivi. Mpaka wiki iliyopita, zaidi ya mama sikuwa nimemwambia mtu. Naandika kwa ajili ya wenzangu mliokua ufukweni huku siku za Wadachi, mliofukuzwa milangoni kwa makofi ili vyungu visipasuke. Nyinyi mtaelewa upesi jinsi mtoto wa mfinyanzi alivyoweza kukosea namna ile.

Kwetu ni upande wa mashariki ya Matema, pale milima inaposhuka moja kwa moja ziwani na kutuachia ukanda mwembamba wa kujenga nyumba. Wanaume walivua, wanawake walifinyanga. Mashamba yalikuwa kwa wenzetu wa bondeni. Mtumbwi uliondoka kwetu umejaa vyungu na kurudi umejaa ndizi na mahindi, kwa hiyo bibi alizoea kusema kwamba sisi tunakula vyungu.

Kanuni ya kwanza niliyofundishwa maishani ilihusu jua. Chungu kibichi hakitolewi juani. Ukikitoa, upande mmoja unakauka na kujivuta kabla ya mwingine, na asubuhi unakuta ufa kutoka mdomoni mpaka kitako. Kwa hiyo vyungu vilikaa ndani siku nyingi, mlango umefungwa, na nyumba yetu mchana kweupe ilikuwa giza tupu isipokuwa makaa ya jikoni. Jua lilikuwa adui na kivuli kilikuwa usalama. Niliamini hivyo kama nilivyoamini kwamba maji ya ziwa yanalowesha.

Bibi alikuwa mama yake mama, na aliishi nasi. Alikuwa mwembamba, mwenye meno matano na maneno mengi. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda kwa nje kwa sababu ya miaka yote ya kubana jiwe la kusugulia vyungu. Kaniki yake ilikuwa nyeusi kwenye mikunjo na ya rangi ya majivu mabegani, nami nilipomwuliza kwa nini, alijibu, "Jua limekula. Linaanza na nguo, litakuja kumalizia na mimi."

Kisha akaja mzungu mmoja. Jina lake hatukulishika. Sisi watoto tulimwita Bwana Sanduku kwa ajili ya sanduku la mbao lenye jicho la kioo alilolisimamisha juu ya miguu mitatu. Alikuwa akizunguka kando ya ziwa akipiga picha za mitego ya samaki, nyumba na watu wakiwa kazini. Bibi alimvutia mara moja. Mzungu akamtaka akae nje, asugue chungu, na asitikisike.

"Mama, usitikisike," alisema kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika.

"Mimi sijatikisika," bibi akajibu. "Mkono ndio unaofanya kazi. Ukitaka usitikisike, sugua wewe."

Hata Bwana Sanduku alicheka. Jioni akaingia hemani mwake na vioo vyake vilivyonasa sura, na kesho yake asubuhi bibi alikuwa wa kwanza kusimama mbele ya hema.

"Ugonile, bwana," akamwamkia kwa lugha yetu. "Haya, nionyeshe ulichonichukulia."

"Sura tu, mama. Sikuchukua kitu kingine."

"Nionyeshe nihesabu meno. Yakizidi matano umeniongezea, na mimi sitaki deni."

Bwana Sanduku akatoa fremu ya mbao, akaweka kioo, nyuma ya kioo akaweka karatasi nyeupe, akafunga na kuielekeza kwenye jua. Nilichuchumaa pembeni nikitazama. Hapakuwa na wino wala brashi. Jua lilipiga tu, na kila alipofungua pembe ya fremu kuchungulia, karatasi ilikuwa imeingia rangi zaidi, rangi ya zambarau kama ua la mgomba. Mwishowe bibi alikuwa pale, mdogo kama kiganja, uso juu na mikono chini, jiwe likiwa kati ya vidole.

Sisi watoto alitupa vipande vya karatasi ile ile ili tucheze. Nililaza jani la kangaga juu ya changu, nikakiacha juani, na nilipoliondoa jani likawa limebaki jingine, jeupe, lenye kila kinyuzi chake. Nililia kwa furaha. Lakini nililiacha pale pale juani nikimtafuta mama aje kuliona, na tuliporudi jani langu lilikuwa limezama. Kipande chote kilikuwa cha rangi moja kama matope.

"Bado haijakazwa," Bwana Sanduku alieleza. Kulikuwa na chumvi maalumu ya kuoshea picha ili jua lisiendelee kuila, lakini pakiti yake ya mwisho ililowa mtumbwi ulipoingiza maji. Hakutaka kumpa bibi picha. Alitaka kuondoka nayo. Bibi akaishika na hakuiachia.

"Mvua zikiisha nitarudi na chumvi," hatimaye mzungu akasema. "Mpaka siku hiyo, picha isione jua. Unaelewa, mama? Jua hapana."

"Bwana," alisema bibi, "mimi nimefuga vyungu vibichi tangu kabla hujazaliwa. Jua unanifundisha mimi?"

Alipoondoka alinipa bahasha nyeusi yenye vipande vitatu vya karatasi vilivyosalia, akaacha na chupa yake moja tupu ambayo niliijaza maji ya ziwa na kuiweka kwenye kizingiti chini ya upenu, kwa sababu ilikuwa nzuri. Bibi aliifunga picha katika kipande cha kaniki, akaitia katika chungu kidogo, akaweka mfuniko. Alikuwa amepata cha kujivunia kuliko wanawake wote wa ufukwe.

Mvua hizo hizo zilimchukua. Kifua kilimbana siku nne. Siku ya tatu aliniita, akanikabidhi chungu.

"Mama yako ana moyo wa haraka," alisema, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili. "Wewe huna haraka. Huyu utamtunza wewe mpaka bwana arudi."

Sijui kama aliwahi kumpima mtu vibaya kama alivyonipima mimi siku hiyo. Ni kweli sikuwa na haraka. Lakini nilikuwa na hofu, na hofu ya mtoto anayetaka kila kitu kiwe sawasawa ni jambo baya kuliko haraka. Nilikuwa mtoto wa kuhesabu kuni mara mbili, wa kurudi njiani kuhakikisha kwamba nimefunga zizi la mbuzi. Sasa nilikuwa nimekabidhiwa uso wa bibi.

Kila asubuhi, mama akiwa ameenda kuchimba udongo, nilikitoa chungu. Kwa uangalifu mkubwa! Sikuwahi kukitoa juani. Nilikaa kwenye kizingiti, chini ya upenu, kivulini kabisa, nikaifungua kaniki kwa juu tu, mpaka kifuani mwa bibi, ili nione uso. Nilihesabu meno. Nikikuta yote matano nilifunga, moyo ukatulia mpaka kesho. Siku nyingine moyo ulikataa kutulia, nikafungua mara ya pili jioni.

Mama aliniomba mara nyingi. Alikuwa akiingiza mikono katika udongo kisha anaacha tu, anatazama ukutani.

"Nipe nimwone kidogo," alisema.

"Mpaka bwana arudi na chumvi, mama."

"Kidogo tu. Hata kabla sijamaliza kukohoa utakuwa umefunga."

"Bibi aliniambia mimi."

Mama akatabasamu kwa shida. "Haya, askari wa boma. Linda."

Nilijiona shujaa. Nilimnyima mama yangu uso wa mama yake, nami nikaenda kulala nimeridhika.

Kisha asubuhi moja nilihesabu meno nikapata manne. Siku mbili baadaye nikapata matatu, na macho yalikuwa yamezama katika rangi ya zambarau iliyokuwa ikitambaa usoni mwa bibi. Nilipitia kila nilichofanya na sikuona kosa. Picha haikuwa imeguswa na jua hata mara moja. Basi ilikuwa imeliwa na nini?

Jibu nilipewa na Atupele, binti wa mama mdogo, aliyenizidi miaka miwili na kunizidi ujuzi wa mambo yote, kwa kusema kwake.

"Ni macho," alisema huku akitafuna muwa. "Kitu kizuri kikitazamwa sana kinaisha. Hujasikia watoto wachanga wanavyofichwa? Nani mwingine anaitazama?"

"Hakuna."

"Hakuna? Una hakika?"

Nilikwenda moja kwa moja mpaka ndani. Mama alikuwa ameketi jikoni gizani, mlango umefungwa kwa ajili ya vyungu, anazungusha udongo juu ya kigae.

"Mama, umemtazama bibi?"

Akasimamisha kigae. "Mara moja. Ulipokwenda kuchota maji. Nisamehe, mwanangu, nilishindwa."

"Ndiyo maana!" nilipiga kelele. "Uso unaisha. Macho yako yanamla. Alikufa mara moja, sasa wewe unamuua tena!"

Nilitamka hivyo hivyo. Nimejaribu mara kadhaa kuyapunguza maneno hayo hapa karatasini, nikayafuta na kuyarudisha, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa.

Mama hakunipiga. Aliutoa mkono kwenye udongo, akanawa taratibu, akafunika chungu alichokuwa akikifinyanga kwa majani ya mgomba, na hakukirudia tena. Siku ile ilipita, na ya pili, na wiki. Udongo ukakauka kwenye shimo lake. Mtumbwi uliofuata uliondoka kwetu bila chungu chetu hata kimoja, na baba alirudi kutoka ziwani na samaki, akakuta hakuna ndizi wala unga wa kulia samaki hao. Aliuliza kuna nini. Mama alijibu kwamba mikono inamuuma. Mlango wa nyumba sasa ulikaa wazi mchana kutwa, kwa kuwa hapakuwa na cha kulinda, na mwanga ulioingia ulinifanya nione aibu kama mtu aliyevuliwa nguo.

Naamini kwamba kama si mtungi mmoja uliopasuka, tungekaa hivyo mpaka siku tuliyomzika.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mtungi mkubwa wenye ufa, uliopinduliwa juu ya nyasi tangu mvua zilipoanza. Mama alinituma niuondoe. Nilipouinua nilikuta nyasi nyeupe, laini, ndefu, kama nywele za mzee. Nilishangaa kisha nikatazama pembeni. Kando ya ukuta, chini ya upenu, mahali jua halikufika kamwe, nyasi zilikuwa za kijani.

Nilichuchumaa pale nikasahau mtungi. Zote mbili zilikuwa kivulini. Kwa nini moja ilikuwa nyeupe na nyingine ya kijani?

Nikaikumbuka chupa ya Bwana Sanduku. Niliikuta kwenye kizingiti, na maji niliyoyatia yakiwa safi yalikuwa yamekuwa ya kijani, yenye utando kama mate ya chura. Maji ya kunywa katika mtungi wa ndani, yaliyotoka ziwa lile lile, yalikuwa hayana kitu. Chupa haikuwahi kuguswa na jua. Ilikaa kivulini siku zote, mahali pale pale nilipokaa mimi kila asubuhi na picha mapajani.

Hapo ndipo wazo lilipoanza kuniuma, nami nikalisukuma mbali, na likarudi. Kivuli si giza. Ndani ya kivuli bado kuna jua, jua jembamba, linaloweza kupaka majani rangi na kugeuza maji. Kwa chungu kivuli kinatosha. Kwa karatasi je?

Nilikuwa na vipande vitatu. Cha kwanza nilikiharibu hapo hapo, kwa sababu nilifungua bahasha nje kama mpumbavu. Nilijipiga kofi, na si mfano, nilijipiga kweli. Kisha nikaapa kwamba viwili vilivyobaki vitanipa jibu hata kama jibu litanichukiza.

Kipande cha pili nilikiweka juu ya banda la kuku, chini ya upenu, nikafunika nusu yake kwa kigae. Nikaenda zangu. Sikukitazama na hakuna mtu aliyekitazama, isipokuwa kama kuku wana jicho baya. Nilikaa ufukweni asubuhi nzima nikitupa mawe majini ili miguu isirudi. Niliporudi na kuinua kigae, nusu iliyofunikwa ilikuwa nyeupe, na nusu iliyokuwa wazi ilikuwa imeshika rangi ya ua la mgomba. Hakuna jicho lililoigusa.

Kilibaki kimoja. Nilikwenda kwa mama. Ilikuwa saa sita, jua la utosini.

"Mama, funga mlango."

"Hakuna vyungu humu. Nifunge wa nini?"

"Funga tu, mama. Tafadhali."

Alinitazama, kisha akafunga. Giza letu la zamani likarudi, na ndani yake wekundu wa makaa. Nikatoa kipande cha tatu, nikafunika nusu yake, nikakiweka karibu na moto kadiri ambavyo vidole viliweza kuvumilia. Nikakitolea macho. Nilikitazama kwa nguvu zangu zote, nikiwaza mabaya, nikiwaza mazuri, mpaka machozi ya moshi yakanitoka.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Nakitazama."

"Naona. Mpaka lini?"

"Mpaka kiwe cheusi au kisiwe."

Akakaa karibu yangu. Baada ya muda akaanza kukitazama naye. Tulikaa mpaka makaa yakahitaji kuni mara tatu, na nilipoinua kifuniko, nusu zote mbili zilikuwa sawa. Nyeupe.

Moto uliogeuza udongo kuwa chungu, moto ulioweza kuniunguza mkono, haukuweza kuigusa karatasi. Na macho ya mama hayakuweza. Jua jembamba la kizingitini liliweza.

Nilikichukua chungu kutoka kwenye kichanja. Mama alinishikia mfuniko. Nikaitoa picha nzima, bila kukunja kaniki, mara yangu ya kwanza tangu bibi aifunge, nikaiweka kwenye mwanga wa makaa. Sote wawili tukaona kwa pamoja. Kuanzia juu mpaka kifuani picha ilikuwa kiza, uso umebaki kama alama ya kidole kwenye masizi. Kuanzia kifuani kwenda chini ilikuwa safi kama siku ilipotolewa kwenye fremu. Na kati ya hapo na hapo ulipita mstari, umenyooka kama uliokatwa kwa kisu.

"Mama," nilisema, "siku ile ulipomtazama, ulimfunua mpaka wapi?"

"Nilimtoa wote. Nikamweka mapajani, hapa hapa jikoni, mlango umefungwa. Kwani angetolewaje?"

"Mimi nilikuwa namfunua mpaka hapa." Nikaweka kidole kwenye mstari. "Kizingitini. Kivulini."

Mama akaufuata mstari ule kwa macho.

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Siku nyingine mara mbili. Nilitaka kuhakikisha hajaharibika."

Nilingoja kofi, na kwa kweli nililitamani. Mama akatoa sauti puani, nami nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kidogo kilichovunjika.

"Angekuwepo angesema umekagua chungu kibichi mpaka kimekubomokea mkononi."

"Nilisema ni wewe, mama. Nilisema umemuua."

"Nilisikia. Mimi nilikuwepo." Alinivuta kichwa akakilaza begani kwake, na mkono wake mwingine haukuiacha picha. "Nami niliamini. Ndiyo maana nimekaa bila kufinyanga. Nilisema moyoni, kama macho yangu yanaua, mikono yangu itafanya nini?"

Kisha akainamia makaa.

"Hebu puliza."

Nikapuliza. Makaa yakawaka, na mikono ya bibi ikajitokeza, kila mshipa, kila ukunjo, udongo uliokauka kwenye kucha, kidole gumba kilichopinda kikiwa kimebana jiwe.

"Tazama," mama alisema taratibu. "Hakuwa analibana kwa ncha. Analibana kwa pembeni. Nami nilikuwa nimeanza kusahau." Alitazama kidole chake mwenyewe, akakipinda, akakipindua. "Uso wake ninao, mwanangu. Nikifumba macho unakuja wenyewe. Mikono ndiyo iliyokuwa inanitoka. Ndaga fijo."

Alinishukuru. Sijui mpaka leo nifanye nini na shukrani hiyo.

"Nenda kachote maji," akasema akisimama. "Udongo umekuwa jiwe kule shimoni."

Tangu siku hiyo tukawa na desturi yetu. Kila vyungu vipya vilipowekwa ndani na mlango kufungwa, mama aliitoa picha mchana, akaitazama kwa mwanga wa makaa, akaifunga na kuziba mfuniko kwa nta. Nami sikuruhusiwa kuigusa mpaka niitwe. Hilo halikuwa adhabu. Alikuwa ananipumzisha.

Bwana Sanduku hakurudi. Mvua ziliisha, nyingine zikaja, kisha vita vikashuka ziwani, tukasikia mizinga juu ya maji na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Kioo chenye uso wa bibi kiko wapi, hakuna ajuaye. Mimi nilijifunza kusoma, nikaendelea kujisomea chochote kilichonifikia, na katika kitabu kimoja kilichokosa jalada nilikuta maelezo ambayo niliyasoma nimesimama. Kwamba katika karatasi ile kulikuwa na chumvi ya madini ya fedha. Kwamba mwanga, hasa ule wa jua, una nguvu ya kupenya kitu na kutengua mafungamano yake, na chumvi ile ikitenguliwa huacha fedha tupu, ambayo ikiwa vumbi jembamba huonekana nyeusi. Kwamba mwanga huo huo hutengua rangi ya kaniki ikapauka, na katika jani hufanya kinyume, huunganisha maji na hewa kuwa chakula cha jani. Na kwamba wekundu wa makaa, hata uwe mkali namna gani kwa ngozi, hauna nguvu ya aina hiyo. Nilikaa chini. Yote niliyaona nikiwa na miaka tisa, nyuma ya nyumba, chini ya mtungi uliopasuka. Nilichelewa kuyaona kwa idadi ya siku zilizotosha kula uso mmoja.

Siku hizi kuna mpiga picha Tukuyu mwenye ile chumvi. Nilimwuliza. Alisema anaweza kuikaza, lakini picha iliyokaa hivyo huenda ikapauka yote majini, mikono pia. Nimelala na neno hilo usiku mwingi. Nilipima huku na huku kama ilivyo kawaida yangu, nikiogopa kufanya na nikiogopa kutofanya, mpaka nikaamua iachwe ilivyo.

Wiki iliyopita nilikipakata chungu nikaenda kwa Atupele. Yeye ndiye anayefinyanga sasa, na ana binti wa miaka saba anayeuliza maswali mpaka watu wanajificha. Vyungu vilikuwa ndani, mlango umefungwa, jua la saa sita limekaa nje likingoja. Nikayeyusha nta.

"Sioni kitu," mtoto alisema.

"Subiri macho yazoee."

Akasubiri. Makaa yakapumua.

"Mbona hana uso?"

Atupele alinitazama. Yeye pia hakuwahi kujua. "Niliumaliza mimi," nikasema. "Nilikuwa nauangalia kila siku mahali penye mwanga, nikiogopa utaharibika."

Mtoto alifikiri. "Na mikono?"

"Mikono sikuihofia. Ndiyo maana ipo."

Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akatazama kidole gumba kile, kisha akaokota jiwe la mama yake na kulibana kwa pembeni, si kwa ncha. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nikafunga kaniki, nikaziba nta, nikamwekea chungu mapajani mwake, nikamweleza kanuni yake: makaa ndiyo, mlangoni hapana, hata kivulini hapana. Akarudia neno kwa neno.

Nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu. Nilipofika mtumbwini moyo uliniambia nirudi, nihakikishe kwamba nimeziba vizuri. Niliingia mtumbwini nikakaa.